Picha Isiyo na Alama

Tarehe 12 Januari

Kwako Mkasi, binti yangu,

Barua hii ikukute una afya na umekula, maana najua ukishika kazi chakula unakiona kama mtu anayekuja kukupotezea muda. Mimi ni mzima. Goti la kulia linalalamika asubuhi na kunyamaza mchana, nami nimelizoea kama nilivyowazoea madereva wa malori pale mizanini: kelele nyingi, halafu wanasogea. Mama Mapacha jirani yetu anakusalimu. Mapacha wenyewe sasa wana ndevu, na bado anawafokea kama wana miaka sita.

Tangu nistaafu ukarani wa mizani mchana wangu umekuwa mrefu, na ukumbi wetu wa zamani bado unaonyesha picha. Nimeona tatu tangu nilipokuandikia. Nakunakilia maoni kama yalivyo kwenye daftari.

"Mkono wa Kushoto". 28 Desemba. Askari anawasaka majambazi waliomuua kaka yake. Wamekufa watu kumi na tisa, nimewahesabu, na hakuna hata mmoja aliyeomba maji. Nilitoka masikio yakilia. Nguo: shati la askari ni jeupe tangu mwanzo hadi mwisho, nani anamfulia? Alama: nne.

"Mjane wa Ghorofa ya Tatu". 3 Januari. Mama anasikiliza hatua za watu kwenye ngazi na kuwajua kabla hawajabisha hodi. Kwa saa nzima halitokei jambo. Sikutaka kuinuka. Nguo: sweta moja tu, na kifungo cha tatu hakifanani na vingine, na aliyetengeneza picha alijua. Alama: nane.

"Harusi Mbili". 9 Januari. Bwana harusi mmoja, mabibi harusi wawili, na mjomba aliyetakiwa kukaa kimya. Nilicheka mara mbili, moja ya hizo kwa aibu. Mwisho wameukimbiza kama wanakimbilia basi. Nguo: magauni yote mawili ni ya fundi mmoja, mishono ya begani inamtaja. Alama: sita.

Kumi sijawahi kumpa mtu, usiniulize.

Swali ninalo mimi. Miaka saba sasa unahariri filamu za watu wengine. Yako lini?

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimekula, ondoa wasiwasi. Afya ipo, macho tu yanauma kwa kukaa mbele ya skrini. Hapa kazini wapigapicha wanatuletea saa arobaini za filamu, sisi tunawarudishia moja, na bado wanauliza kwa nini tumewakatia kipande kizuri. Maoni yako niliwasomea wenzangu. Fundi sauti alicheka mpaka akamwaga chai. "Huyu mzee anakwenda kuangalia sinema au kununua nguo?" Nikamwambia, ndivyo alivyo, hata dunia ikiisha atasema malaika kanzu zao zimekatwa vibaya.

Umeniuliza yangu lini. Yangu iko mezani, Baba. Dakika arobaini. Ningetaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine.

Nilipoondoka nyumbani nilichukua daftari lako moja la maoni, lile la saba, lenye jalada la kijani. Sikukuambia. Nilitaka kitu chenye mwandiko wako. Miaka yote lilikuwa ndani ya sanduku, na mwaka jana nikalifungua nikitafuta kitu cha kuchekesha. Nikakuta ukurasa wa tarehe 14 Agosti.

Unaijua tarehe hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na miezi mitatu kitandani kwa ajili ya moyo, cherehani imefunikwa shuka. Nilikuwa peke yangu naye. Alipozidiwa nilikimbia kwa Mama Mapacha kuomba msaada, na tuliporudi Mama alikuwa amekwenda, na wewe umesimama mlangoni, umevaa shati la kutokea, tiketi inachungulia mfukoni. Tiketi ile naiona mpaka leo. Lakini sikuwa na uhakika. Nilijiambia labda ni ya siku nyingine.

Ni ya siku ile. Umeiandika mwenyewe: "Mshona Bendera", 14 Agosti. Mkeo anakufa, wewe unatoa maoni kuhusu sinema.

Filamu yangu ni hiyo. Ninasoma maoni yako mwanzo hadi mwisho, ya kuchekesha kwanza, watu wacheke, halafu ninafika hapo. Kuna shindano, mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Aprili, na zikipita zinaonyeshwa kwenye televisheni. Wataiona mtaani kwetu.

Nataka neno lako kabla sijaifunga. Kama kuna jambo sijui, sema.

Binti yako


Tarehe 11 Februari
(Haikutumwa. Imewekwa ndani ya shajara.)

Mkasi, mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Mama yako na mimi tulikuwa tukienda ukumbini kila Jumamosi saa nane mchana. Kiti cha kumi na tatu mimi, cha kumi na nne yeye. Alipoanguka kitandani nikasema siendi tena. Akasema, "Utakwenda, na utaniletea." Kwa hiyo nilikwenda, nikarudi, nikamhadithia. Sentensi tatu, kwa sababu ya nne ilikuwa inamkuta amesinzia. Halafu lazima aulize: "Nguo zilikuwaje?" Fundi ni fundi hata akiwa mgonjwa. Ndiyo maana ya daftari, na ndiyo maana ya nguo. Hajawahi kuniuliza mtu mwingine, nami sijaweza kuacha.

Siku ile ilikuwa picha ya mshonaji, akaniambia nisikose hata kidogo. Taa zilipowashwa mapumzikoni mtu mnene aliyekuwa nyuma akahamia kiti cha kumi na nne. Hakuwa na kosa, kilikuwa kitupu. Lakini sikuweza kukaa. Nikatoka, nikatembea, kisha nikakimbia. Saa kumi kasoro dakika kumi nilikuwa nyumbani.

Mama yako alikuwa hai, mwanangu. Alikuwa hai na alikuwa peke yake. Wewe hukuwepo.

Ulikuwa umeachiwa kazi moja, kukaa naye. Ulikwenda kwa Mama Mapacha kuangalia televisheni. Kitu cha mwisho ninachokumbuka aliniambia juu yako ni hiki: usimgombeze. Nilimwahidi. Alipokata roho, saa kumi na robo, nilikuwa nimemshika. Mlikuja saa kumi na nusu, Mama Mapacha amekushika mkono. Baada ya mazishi nikakusikia ukimwambia shangazi yako kwamba ulikimbia kuomba msaada. Nikaona umejitafutia pa kusimama. Nikakuacha usimame.

Nimeandika mpaka hapa na sasa nasoma. Nikiituma, nitakuwa nimejivua mimi na kukuvisha wewe. Nitakuwa nimemgombeza mtoto wa miaka tisa, baada ya kuahidi, kwa sababu ya watu wa mtaa na televisheni.

Baba


Tarehe 13 Februari

Kwako Mkasi,

Marahaba. Natumaini macho yamepata nafuu. Yapumzishe kila saa, angalia kitu cha mbali.

Barua yako nimeipata. Ni kweli kwamba siku ile nilikwenda ukumbini. Sina la kuongeza. Daftari ni lako sasa, na filamu ni yako, ruhusa unayo.

Sijaona picha wiki hii. Goti.

Baba yako


Tarehe 5 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia.

Ruhusa? Sikukuomba ruhusa, nilikuomba neno. Nilikaa siku kumi na barua yako nikiigeuza mbele na nyuma kama kuna kitu kimeandikwa mgongoni. Mistari mitano! "Harusi Mbili" uliipa zaidi ya hapo.

Unajua nilitaka nini? Nilitaka ukasirike. Useme, "Mtoto mjinga wewe, hujui kitu." Ningekuamini, Baba. Ningeamini hata uongo ukiwa na nguvu kidogo. Umenipa "sina la kuongeza", kama dereva aliyezidisha mzigo na hataki kubishana na mizani.

Basi nitakuambia filamu nilivyoimaliza, usije ukasema hukujua. Kamera inateremka kwenye ukurasa polepole, picha kubwa, wino wako unaonekana hadi pale kalamu ilipokwaruza karatasi. Inasimama kwenye tarehe. Hapo nimekata. Skrini inakuwa nyeusi na sauti yangu inasema: "Baba yangu hakukosa sinema." Fundi sauti aliniambia nywele zilimsimama.

Naipeleka tarehe 30 Aprili. Una wiki nane.

Binti yako


Tarehe 16 Machi

Kwako Mkasi,

Marahaba. Sisi wazima. Mama Mapacha amesikia kwamba una filamu ambayo huenda ikatoka kwenye televisheni (nilimwambia mimi, nani mwingine) na sasa mtaa mzima unajua. Amekwisha kupanga viti. Amesema ataweka televisheni dirishani ili hata wapita njia waone, na amenipa kiti cha mbele kabisa, "baba wa msanii". Mwenzangu wa mizani naye ameuliza anaweza kuja na wajukuu. Nikamwambia aje.

Usidhani nasema haya kukuzuia. Nakueleza habari za nyumbani.

Nimeona picha moja.

"Nyumba ya Mpiga Piano". 13 Machi. Kijana anarithi nyumba na ndani yake kuna chumba ambacho ufunguo wake haujulikani ulipo. Mvua ya picha ile ni ya bomba, inanyesha mbele tu, nyuma kunawaka jua. Alipoupata ufunguo umeme ukakatika, tukasubiri nusu saa, tukaondoka. Nguo: koti la marehemu linamkaa kijana vizuri mno, wangepaswa kuliharibu kidogo lisionekane kama alipimiwa yeye. Alama: haina. Utaratibu unaujua, picha ambayo sikuona mwisho wake siipi alama.

Kula vizuri. Kazi njema.

Baba yako


Tarehe 7 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza Jumatatu. Tulikuwa tunaipitia filamu mara ya mwisho, mimi na fundi sauti. Barua yako ya mpiga piano ilikuwa mezani, naye ana tabia ya kusoma kila kitu kilicho mbele yake, hata maelezo ya dawa ya mbu. Akasema, "Kumbe mzee ana msimamo. Haoni mwisho, hatoi alama." Nikasema ndiyo, tangu nizaliwe. Akaniuliza, "Na ile ya bendera aliipa ngapi?"

Baba, sikujua.

Nilikuwa nimekata fremu kwenye tarehe. Mwaka mzima nautazama ukurasa ule, na kila mara jicho langu linaishia hapo kwenye tarehe kama gari lililofika kituo. Nikaenda kuchukua daftari. Tarehe, jina la picha, sentensi moja tu: "Mshonaji ameamriwa ashone bendera ya adui." Nguo: hakuna. Alama: hakuna. Nikahesabu daftari lote. Maoni mia moja na sitini na mbili, na yote yana alama isipokuwa hayo ya bendera.

Hukuona mwisho. Ulitoka katikati. Nikapiga hesabu: ukitoka mapumzikoni, kwa mwendo wa miguu, unafika nyumbani kabla ya saa kumi. Mimi na Mama Mapacha tulikuja jua limeshageukia mlangoni. Basi ulikuwa ndani na Mama muda wote huo. Sasa mimi nilikuwa nakimbilia nini?

Nikampigia Mama Mapacha. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana sijalala vizuri tangu nimsikie na nataka nawe uyabebe.

"Mama Mapacha, siku Mama alipofariki, nilikuja kwako saa ngapi?"

"Kuja? Wee, hukuja, ulikuwepo! Tangu saa nane umejikita mbele ya televisheni yangu kama mliletwa pamoja kutoka dukani."

"Si nilikuja mbio kuomba msaada?"

"Mbio gani? Nilikwambia mara mbili, mtoto, nenda kamwangalie mama yako. Hata shingo hukugeuza. 'Mpaka iishe,' ukaniambia. Jeuri hiyo! Mapacha wakacheka, nikawafinya wao kwa niaba yako. Ilipoisha nikakushika mkono nikakupeleka mwenyewe, na chupa ya chai ya mgonjwa. Baba yako akatufungulia mlango." Halafu akashusha sauti, na unajua yeye hashushi. "Mwanangu, kwani nani alikuambia ulikimbia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijihariri mwenyewe. Kazi safi kabisa, huoni hata mahali pa kiungo.

Mpaka iishe. Sasa nalikumbuka lile zulia lake la kijani na magoti yangu juu yake. Picha siikumbuki hata kidogo. Nilimwacha Mama peke yake kwa ajili ya picha ambayo siikumbuki, halafu nimekaa mwaka mzima kutengeneza filamu ya kukushtaki wewe kwa kosa hilo hilo.

Ulijua. Uliponiandikia "sina la kuongeza" ulikuwa unajua, na ulikuwa tayari kukaa kiti cha mbele kwa Mama Mapacha, na wapita njia wote wakikutazama.

Filamu nimeitoa kwenye mashine. Usinijibu, tafadhali. Sijui kama naweza kusoma mwandiko wako kwa sasa.

Mimi


Tarehe 14 Aprili

Mkasi, mwanangu,

Umeniomba nisikujibu. Naandika hivyo hivyo. Usipoweza kusoma, iweke.

Nimekupigia simu mara sita na haikupokelewa. Mimi na simu hatupatani, kwa hiyo ujue nimejitahidi. Nimempigia yule fundi sauti wako, namba nilikuwa nayo tangu ulipougua. Amesema hujafika kazini tangu Jumanne, na kwamba alibisha mlangoni kwako ukamjibu "nipo" bila kufungua. Nimemwambia abishe kila siku. Akasema, "Mzee, hata usiponiambia."

Ulikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hawekwi zamu. Anayestahili kulaumiwa kwa hilo ni karani aliyepanga zamu.

Niandikie hata mstari mmoja. Andika "nimekula".

Baba yako


Tarehe 25 Aprili

Kwako binti yangu,

Leo ni siku ya kumi na nane bila barua yako. Fundi sauti anasema unafungua mlango sasa, unachukua chakula, unafunga tena. Ningekuja mwenyewe, lakini goti limevimba na daktari amenikataza ngazi na safari. Hilo ndilo jambo la kwanza maishani mwangu ninalolitii kwa hasira.

Kwa hiyo nimefanya kingine.

Unajua nina daftari za maoni, na kando yake nina shajara, ambayo ni yangu na haisomwi na mtu. Naandika kila siku, saa na tukio, kama kitabu cha mizani. Shajara ya mwaka ule nilikuwa nimeifunga kwa uzi wa cherehani wa mama yako na sikuifungua tena. Siku ile niliandika jioni, watu wamejaa uani, mkono ukiandika peke yake kwa mazoea. Nilijua kilichomo. Nilikuwepo. Sikuona haja ya kusoma.

Asubuhi ya leo nikakata uzi. Nilitaka kukutafutia saa kamili, nikuthibitishie kwamba mama yako hakukaa peke yake muda mrefu. Nimeusoma ukurasa ule mara tatu. Kisha nikachukua wembe na rula nikaukata. Katika miaka arobaini na moja sijawahi kutoa ukurasa kwenye shajara. Huu ni wako, nimeuambatisha. Nanakili hapa pia, kwa sababu wino umefifia.

Jumamosi, 14 Agosti.
Saa nane, ukumbini, "Mshona Bendera". Nimetoka mapumzikoni.
Saa kumi kasoro kumi, nyumbani. Yuko macho, mito miwili mgongoni. Midomo haina rangi. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema: "Nimemtuma kwa Mama Mapacha. Kuna picha ya watoto kwenye televisheni. Nimemwambia aiangalie yote aje anihadithie. Leo nitakuwa na picha mbili, yako na yake." Akacheka kidogo, akakohoa. Akasema: "Akichelewa usimgombeze. Nimemwambia asiondoke mpaka iishe."
Nikataka kwenda kumwita daktari. Akanishika shati, akasema kwanza nihadithie. Nikamhadithia. Mwisho nilikuwa sijauona, nikautunga: kwamba yule mshonaji alizikata bendera zote mbili, yao na ya adui, akashona gauni la mtoto, na mtoto akapita katikati ya wanajeshi wakizitafuta. Akauliza: "Mshono gani?" Nikasema wa mkono. Akasema: "Ndiyo. Mashine wangeisikia." Akafumba macho. Nilidhani amesinzia, kama kila siku.
Saa kumi na robo.

Mkasi, nimekumbuka neno moja, "usimgombeze", na nikaacha yaliyolitangulia na yaliyolifuata. Nilikuona wewe umekata kwenye tarehe, kumbe nami nilikata. Miaka ishirini na miwili nimekusamehe kosa ambalo hukulifanya, na nimejiona mwema kwa kufanya hivyo. Ulitumwa. Ulifanya ulichoambiwa, hata Mama Mapacha aliposema vingine hukugeuza shingo. Katika nyumba yetu siku ile aliyevunja utaratibu ni mimi peke yangu, na sijuti.

Naomba radhi, mwanangu. Hilo ndilo ninalopaswa kuongeza.

Baba


Tarehe 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekula. Wali, mara mbili, fundi sauti ni shahidi.

Ukurasa ulifika. Nilikaa nao sakafuni. Wiki nzima sikuweza kufanya lolote, halafu siku moja nikiwa napiga mswaki nikakumbuka sauti ya Mama. Uso haukuja, ilikuja sauti tu, kutoka chumbani, mimi tayari niko mlangoni: "Na uangalie nguo!" Nilisimama na povu mdomoni kama mwehu. Nilikuwa nimetumwa na orodha kabisa, Baba.

Tarehe 30 Aprili imepita bila mimi na sikuisikia ikipita. Filamu nimeirudisha mezani na kuivunja yote. Ukurasa wako sasa unaonekana hadi chini, mpaka pale patupu, na kamera inakaa hapo muda mrefu kuliko wenzangu wanavyopenda. "Baba yangu hakukosa sinema" nimeitoa. Mwisho ni ule uliomtungia Mama. Shangazi amenishonea gauni la rangi mbili, kwa mkono, na binti wa jirani yangu hapa amelivaa na kupita nalo. Nimefahamishwa pia kwamba "Mshona Bendera" yenyewe ipo kwenye maktaba moja ya filamu, kamili. Waliniuliza kama nataka kuiona inavyoisha. Nimewaambia naijua.

Nimezungumza na mwenye ukumbi wetu. Ametupa Jumamosi ya tarehe 19, saa nane mchana. Mama Mapacha amenuna kidogo kwa ajili ya viti vyake, lakini ameahidi kuja na mapacha wote wawili, wamenyolewa. Nakuja siku moja kabla, nitakusaidia kwenye ngazi.

Tiketi mbili nimeziweka ndani ya bahasha hii. Kiti cha kumi na tatu ni chako. Cha kumi na nne nitakaa mimi, kama huna neno.

Njoo na daftari. Kumi sitegemei, nakujua. Ila alama naitaka, na wewe huwezi kuitoa mpaka iishe, kwa hiyo mapumziko nimeyaondoa.

Binti yako,
Mkasi